Mpangaji Mkubwa Akiondoka: Majumba ya Maduka ya Vitongojini Marekani

Jumba la maduka likifungwa Marekani, watu huwa na jibu tayari: intaneti imeliua. Kazi yangu ni kuchambua mikataba ya upangishaji wa majengo ya biashara, na nikifungua faili la jumba lililokufa, mara nyingi nakuta ugonjwa ulianza zamani sana. Umeandikwa mle mle kwenye mkataba: nani halipi pango, nani anabeba mzigo wake, na nani ana ruhusa ya kuhama jirani yake akihama.

Southdale ndipo pa kuanzia. Lilifunguliwa Oktoba 1956 huko Edina, Minnesota, kitongoji cha Minneapolis, likiwa jumba la kwanza la aina yake Marekani kuezekwa lote na kudhibitiwa joto lake kwa mitambo mwaka mzima. Msanifu wake, Victor Gruen, alizaliwa Vienna na kuwakimbia Wanazi mwaka 1938. Mwaka 1954 alikuwa amekamilisha Northland, karibu na Detroit, ambalo njia zake zilikuwa bado wazi kwa mvua na theluji. Kwenye michoro yake ya Southdale, maduka yalikuwa kiini tu: pembeni yake palipangwa nyumba za kuishi, shule, huduma za matibabu na bustani. Kilichojengwa kwa pupa kilikuwa maduka na maegesho. Mwaka 1978, akiwa mzee, Gruen aliyakana hadharani majumba yaliyoiga kazi yake.

Jambo moja alilofanya lilikuja kuwa kanuni ya biashara nzima. Aliweka maduka makubwa mawili yenye uhasama wa kibiashara, Dayton's na Donaldson's, chini ya paa moja. Mteja anayetoka moja kwenda jingine kulinganisha bei hana budi kupita mbele ya fremu ndogo ndogo, na fremu hizo ndizo zinazomlipa mwenye jengo.

Mambo mawili ya serikali yaliyasukuma majumba haya kuelekea pembezoni mwa miji. La kwanza ni bima ya serikali kuu kwa mikopo ya nyumba, iliyowapa kipaumbele wanunuzi wazungu wa vitongojini huku mitaa ya Wamarekani weusi ikiwekewa alama ya hatari na kunyimwa. Maduka yalifuata fedha ilikoelekezwa. La pili halizungumzwi sana, nalo naliona zito zaidi: sheria ya kodi ya mwaka 1954. Iliwaruhusu wawekezaji kukata uchakavu wa jengo jipya, yaani kupungua kwa thamani yake, kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi, tena kwa kasi katika miaka ya mwanzo, kiasi kwamba jengo lenye faida lilionekana kwenye vitabu vya kodi kana kwamba linapata hasara. Ardhi haikatiwi uchakavu, kwa hiyo ilikuwa na maana kununua kiwanja cha bei nafuu pembezoni na kumwaga fedha kwenye zege. Upendeleo huo ulipunguzwa sana na mageuzi ya kodi ya mwaka 1986, lakini kufikia hapo nchi ilikuwa imekwisha kujaa majumba.

Wapangaji wa mwanzo hawakuwa wale tunaowafikiria leo. Katika miaka ya 1950 na 1960 ungekuta supamaketi, duka la dawa, la vifaa vya ujenzi, kinyozi, na duka la vitu vya bei rahisi kama Woolworth. Mama wa nyumba angeweza kumaliza shughuli zake zote za wiki hapo. Kisha wakaondolewa mmoja mmoja, kwa sababu faida ya muuza mboga au misumari kwa kila futi ya sakafu ni ndogo mno kuhimili pango la ndani. Waliochukua nafasi zao waliuza nguo, viatu na vito. Wenyeji nao walibanwa na benki: mkopeshaji wa mradi alitaka kuona saini za kampuni zinazojulikana nchi nzima kabla hajatoa fedha, hivyo fundi viatu wa mtaani hakuwa na nafasi hata kama wateja walimpenda. Ukumbi wa vyakula wenye meza za pamoja ulishika mizizi baada ya Paramus Park, New Jersey, kufunguliwa mwaka 1974.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe. Mpangaji mkubwa, yaani duka kubwa la kona lenye ghorofa mbili au tatu, mara nyingi hulipa pango dogo sana kwa futi, au halipi kabisa. Aghalabu humiliki jengo lake na sehemu ya maegesho yanayolizunguka. Wenye fremu ndogo ndio wanaolipa gharama ya umaarufu wake.

Chukua mfano wa duka la viatu la futi za mraba 2,000, kwa pango la dola 40 kwa futi kwa mwaka. Hizo ni dola 80,000. Mkataba unaongeza kwamba mauzo yakivuka kiwango fulani, mwenye jengo atapata asilimia 6 ya ziada hiyo. Kiwango chenyewe hupatikana kwa kugawa 80,000 kwa asilimia 6, yaani kama dola 1,333,000. Duka likiuza dola 1,500,000, litalipa takriban dola 10,000 juu ya pango. Jumla ni 90,000, bila kuhesabu mchango wa taa, usafi na ulinzi wa njia za pamoja.

Halafu kuna kifungu cha ujirani, ambacho mimi hukisoma kabla ya kingine chochote. Kinasema kwamba maduka makubwa yaliyotajwa yakifungwa, mpangaji mdogo anaacha kulipa pango la kudumu na badala yake analipa asilimia ya mauzo peke yake, na hali isiporekebishwa ndani ya muda fulani anaweza kuvunja mkataba. Mauzo ya duka letu yakishuka hadi dola 900,000, asilimia 6 yake ni dola 54,000. Mwenye jengo amepoteza dola 36,000 kwa fremu moja, na bado anapasha joto korido ile ile. Fremu 40 zikidai kifungu hicho kwa pamoja, mkopo wa benki haulipiki. Hakuna aliyehama kwa hasira wala kwa sababu ya simu ya mkononi. Karatasi imefanya kazi iliyoandikiwa.

Ndiyo maana nasema tarehe za kutazama ni za maduka makubwa. Montgomery Ward lilifunga milango mwaka 2001. Mwaka 2005 kampuni ya Federated, mwenye maduka makubwa ya Macy's, iliinunua kampuni mshindani iitwayo May, na mwaka uliofuata majina mengi ya zamani ya maduka ya May yakageuzwa kuwa Macy's. Muungano huo uliyaumiza majumba kimya kimya: palipokuwa na washindani wawili pakabaki kampuni moja yenye majengo mawili, na moja likawa halihitajiki. Sears iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika Oktoba 2018, JCPenney Mei 2020. Mwishoni mwa 2020 wenye majumba wakubwa, Simon na Brookfield, waliinunua JCPenney wao wenyewe. Naliona hilo kuwa ungamo la wazi kabisa. Mwenye nyumba amemnunua mpangaji wake asihame, kwa kuwa kuhama kwake kungewapa wengine ruhusa ya kuhama.

Na majumba yalikuwa mengi mno tangu awali. Huko Cleveland, Ohio, watu walikuwa wanapungua, lakini Randall Park Mall lilifunguliwa mwaka 1976, kati ya makubwa kuliko yote duniani wakati huo, na Euclid Square Mall likafuata mwaka 1977. Wapangaji wa mwisho wa Euclid Square walikuwa makanisa madogo madogo yaliyoabudu ndani ya fremu zilizokuwa za nguo. Viwanja vya majumba yote mawili sasa vina maghala ya Amazon.

Si kila jumba huishia kubomolewa. Nashville, Tennessee, jumba la One Hundred Oaks la mwaka 1967 lilipokea kliniki za Chuo Kikuu cha Vanderbilt kuanzia 2009. Austin, Texas, Highland Mall la mwaka 1971 limekuwa chuo cha jamii, na madarasa ya kwanza yalifunguliwa ndani ya lililokuwa duka la JCPenney. Duka la namna hiyo lina mambo ambayo daktari na mwalimu huyahitaji: sakafu pana isiyo na kuta, nguzo zilizoachana vya kutosha kupanga vyumba, dari refu la kupitisha mabomba ya hewa, lifti za mizigo, na maegesho ambayo mgonjwa hahangaiki kuyatafuta. Kasoro kubwa ni mwanga. Kuta hazina madirisha, kwa sababu kila ukuta uliwekewa rafu, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkandarasi huwa ni kukata zege.

Kikwazo kigumu zaidi ni karatasi nyingine: makubaliano ya kudumu kati ya mwenye jumba na maduka makubwa. Mengi ya zamani yana orodha ya shughuli zilizopigwa marufuku, na humo utakuta shule, kumbi za ibada, sinema, hata gimu. Hofu ilikuwa kwamba watu wa shughuli hizo wangejaza maegesho saa nzima bila kununua kitu. Orodha hiyo ina karibu wapangaji wote wanaotafutwa sasa, na duka moja lililobaki likikataa kusaini mabadiliko, mradi mzima husimama, hata kama duka hilo lenyewe halina wateja.

Southdale walivuka. Jengo la JCPenney lililofungwa pale mwaka 2017 liliondolewa, na Desemba 2019 mahali hapo pakafunguliwa gimu kubwa ya Life Time. Nyumba za kupanga nazo zimeinuka kwenye kipande cha maegesho, kama ilivyokuwa kwenye michoro ya Gruen. Ukisikia jumba fulani linageuzwa matumizi, waulize wahusika ni maduka mangapi bado yana haki ya kukataa, na haki hiyo inaisha mwaka gani.