Kugawa anwani za IP kwa majina ya vifaa: dhana potofu na ukweli

Mafundi wa mitandao ya maduka na hoteli, Nakuru hadi Kisumu, hupenda kugawa anwani za IP (nambari za vifaa mtandaoni) kwa majina ya vifaa: kompyuta za kaunta huku, za wageni kule. Inawezekana, ila kuna imani zinazowaponza.

Dhana: Seva ya DHCP (inayogawia vifaa anwani) inajua jina la kila kifaa.

Haijui, huambiwa. Kifaa hujitaja chenyewe kinapoomba anwani, katika chaguo nambari 12 la ombi la DHCP. Windows mpya hujiita DESKTOP- na vibambo saba. Printa nyingi za HP hujiita NPI na tarakimu sita za mwisho za MAC (anwani ya kadi ya mtandao ya kifaa). Simu nyingine hazijitaji kabisa. Kwa hiyo sikiliza kwanza kinachosemwa, kwa amri hii kwenye ruta:

`tcpdump -i br-lan -vn port 67 or port 68`

Zima wifi ya kifaa, iwashe, kisha tazama mstari wa Hostname.

Dhana: Ukishaandika kanuni ya jina, umemaliza.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye dnsmasq (programu ya DHCP ya ruta nyingi), mstari wa kwanza huweka lebo ya kaunta kwa majina yanayoanza na KAUNTA-, na miwili inayofuata hutaja safu za anwani na muda wake:

`dhcp-name-match=set:kaunta,KAUNTA-*`
`dhcp-range=tag:kaunta,192.168.10.20,192.168.10.49,12h`
`dhcp-range=tag:!kaunta,192.168.10.100,192.168.10.199,2h`

Alama ya mshangao katika mstari wa tatu ndiyo husahaulika. Bila `tag:!kaunta`, safu hiyo iko wazi kwa yeyote: kaunta iliyopata .137 jana itaendelea kuihuisha, na safu ya kaunta ikijaa, zinazobaki zitamwagikia kwa wageni. Kwenye dhcpd ya ISC (seva nyingine ya DHCP, ambayo haitunzwi tena tangu 2022, mrithi wake ni Kea) kosa ni lilelile: fundi ameandika `allow members of` upande mmoja, akasahau `deny members of` upande wa pili.

Angalia pia herufi. dnsmasq haibagui kubwa na ndogo. dhcpd na Kea hubagua zinapolinganisha majina kwa alama ya usawa, basi mashine iliyobatizwa Kaunta-03 kwa haraka huishia kwa wageni na hakuna anayeelewa kwa nini.

Dhana: Mabadiliko huanza papo hapo.

Kifaa hurudi kwa seva nusu ya muda wa kukodi (muda kilichopewa anwani) ikipita; saa 12 maana yake ni kungoja hadi saa sita. Kwenye Windows, `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew` huharakisha.

Dhana: Safu tofauti hutenganisha vifaa.

Hata kidogo. .30 na .150 zimo katika /24 moja (mtandao mmoja wa anwani), na huzungumza moja kwa moja kupitia swichi. Mgeni akibadilisha jina la laptopu yake kuwa KAUNTA-09, seva itampokea kama mwenyeji. Kinachotenganisha ni VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile): wifi ya wageni iwe na VLAN yake, mtandao wake wa anwani, na ukuta wa moto katikati.

Dhana: Basi tutumie MAC kwa kila kitu.

Kwa simu, utachoka bure: tangu Android 10 na iOS 14, hutumia MAC ya kubuni kwa kila wifi. Kwa printa ya risiti iliyo kwenye waya, MAC ndiyo sawa: `dhcp-host=` ikifuatwa na MAC na anwani yake. Usiiache kwenye safu, kwa sababu ruta ya OpenWrt (mfumo endeshi wa ruta) huweka orodha ya ukodishaji ndani ya /tmp, yaani kwenye kumbukumbu ya muda, na stima ikipotea orodha hiyo hufutika.