Kabla hujanunua betri ya haibridi, tazama chini ya kiti cha nyuma

Taa ya pembetatu ikiwaka kwenye dashibodi ya Toyota Aqua, wengi huanza kusaka pesa za betri kubwa. Usikimbilie huko. Haibridi, gari linalotumia petroli pamoja na umeme, ina betri mbili, na ile ndogo ya volti 12 ikichoka gari hugoma kuwaka, ukadhani kubwa ndiyo imekufa. Ipimwe ndogo kwanza. Bei yake haifiki hata robo.

Betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza, ya nikeli, ina moduli (vipande vya betri) 20 za volti 7.2, zimeungwa mfululizo kufikia volti 144. Moduli moja ikidhoofika hujaa mapema, huisha mapema na huchemka, na zote zinadhurika nayo. Hapo ndipo fundi husema, "Tubadilishe selo moja tu," akimaanisha moduli. Ni nafuu siku hiyo. Chuoni kwetu tulipokea gari lililobadilishwa moduli mara tatu mwaka mmoja, kila mara inayokufa ni mzee mwingine kati ya zile zilizobaki. Pesa zilizotumika zilikaribia bei ya pakiti nzima, yaani betri kubwa yote. Mimi simshauri mtu njia hiyo, labda kama anataka gari litembee hadi apate pesa.

Pakiti mpya halisi ya Prius, haibridi nyingine ya Toyota, huko Marekani mara nyingi hupita dola 2,000 kabla ya ufundi. Kwetu kuna usafiri na ushuru juu yake. Ya mtumba ni rahisi, ila ina umri wa gari ilikotolewa. Uliza mwaka, na dhamana uandikiwe.

Kuhusu umri: betri kubwa nyingi hufika miaka 8 hadi 15. Kenya huruhusu kuingizwa magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo likishuka Mombasa na miaka 7, sehemu kubwa ya maisha ya betri imeshaliwa Japani.

Kinachoumaliza mapema umri uliobaki ni joto. Betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo chini ya kiti cha nyuma. Feni moja tuliyoitoa ilikuwa imefungwa na vumbi, nywele na manyoya ya zulia hadi mapanga yake hayaonekani. Safisha kichujio cha tundu, kama kipo, kila huduma, na usiegemeze mizigo kwenye tundu hilo.

Kufungua betri yenyewe si kazi ya kujaribu nyumbani. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme wa betri kubwa, nazo zinaua. Fundi anayejua huzima gari, huvaa glavu za kuzuia umeme, huchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa, na husubiri angalau dakika 10.