Barua tatu za uzamivu mezani: unachagua chuo au unachagua mtu?

Mwezi Machi mwaka jana dada mmoja wa Morogoro alinitumia picha za barua tatu kwa WhatsApp. Zote zilikuwa za udahili wa shahada ya uzamivu katika saikolojia ya kazi na mashirika, na zote zilitoka vyuo vikuu vya Marekani. Chini yake aliandika: "Shikamoo kaka. Nimefurahi mpaka nimechanganyikiwa. Niende wapi?"

Nikampigia simu. Tuliongea karibu saa mbili, na tangu hapo wengine wanne wameniuliza swali hilohilo. Ndiyo maana leo naandika.

Kwa wasioijua fani yetu: tunamchunguza mtu akiwa kazini. Mwombaji asailiwe vipi, utendaji upimwe kwa kitu gani, kwa nini timu moja inaelewana na nyingine inagombana, zamu za usiku zinamfanya nini muuguzi. Nchini Marekani fani ina zaidi ya miaka mia. Shahada ya kwanza ya uzamivu katika saikolojia ya viwanda alitunukiwa Bruce V. Moore mwaka 1921, katika taasisi ya Carnegie kule Pittsburgh.

Swali la kwanza la dada huyu lilikuwa, "Kipi ndicho chenye jina kubwa?" Nilimjibu kwamba kwa uzamivu, jina la chuo ni jambo la tatu au la nne. Miaka miwili ya mwanzo una madarasa na wenzako wa mwaka mmoja. Baada ya hapo, kwa miaka mitatu au zaidi, maisha yako yanazunguka mtu mmoja: msimamizi. Yeye ndiye anayesoma rasimu zako, anayekuingiza kwenye miradi yake, anayekuandikia barua ya mapendekezo ukianza kutafuta kazi. Chuo chenye sifa kubwa na msimamizi asiyejibu barua pepe kwa wiki sita kitakutesa.

Kuna jambo jingine ambalo waombaji wengi wa kwetu hawalijui. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, hutoa ithibati kwa programu za uzamivu za saikolojia ya tiba, ya ushauri nasaha na ya shule. Za fani yetu haikagui. SIOP, chama cha fani yetu, hutoa miongozo ya mafunzo tu, hakitoi ithibati. Kwa hiyo hakuna muhuri utakaokuambia programu hii ni imara na ile ni dhaifu. Ukaguzi ni kazi yako mwenyewe.

Na hapo ndipo fani yenyewe inaweza kukusaidia, kwa sababu ukaguzi wa namna hii ndio tunaoufanya kila siku. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walichapisha uchambuzi mpya wa miaka mingi ya tafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili uliopangwa, yaani kila msailiwa anaulizwa maswali yaleyale na majibu yanapewa alama kwa vigezo vilevile, ulishika nafasi ya juu, ukiwa na uhusiano wa 0.42 na utendaji kazini (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Usaili wa kuongea tu, kila mtu na maswali yake, uliambulia 0.19.

Sasa angalia jinsi wanafunzi wanavyochagua vyuo. Dada huyu alikuwa ameshaongea kwa Zoom na maprofesa watatu. Mmoja alikuwa mcheshi, alimuuliza habari za nyumbani, akamwonyesha theluji dirishani. Wa pili alikuwa na haraka. Wa tatu mtandao ulikatikakatika. Moyo wake ulikuwa umeshaenda kwa yule wa kwanza, kwa sababu ya dakika arobaini za mazungumzo mazuri. Huo ndio usaili wa 0.19.

Nikamwambia achukue daftari, aandike maswali sita, awaulize wanafunzi wa vyuo vyote maswali hayohayo kwa mpangilio uleule. Aandike majibu siku hiyohiyo, atoe alama kwa kila jibu, na asilinganishe vyuo mpaka amalize vyote.

Nani aulizwe? Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado ni mgeni, anakaribishwa, kila kitu kwake ni kizuri. Mtafute wa mwaka wa nne, aliyekwisha kupewa jembe. Na uongee naye profesa akiwa hayupo.

Maswali ninayoyathamini zaidi ni haya. Wanafunzi wa mwisho watano wa msimamizi huyu wako wapi sasa, na walichukua miaka mingapi kumaliza? Wangapi waliondoka kabla ya kumaliza, na kwa nini? Machapisho ya maabara yake yana jina la mwanafunzi mbele, au mwanafunzi hufanya kazi na jina lake likawa la nne? Ukimpelekea sura ya tasnifu, inarudi baada ya siku ngapi? Kisha: ungeanza upya leo, ungemchagua tena? Hili la mwisho usilisikilize kwa maneno tu. Kuna mwanafunzi mmoja alimjibu dada yetu, "Ndiyo, kabisa," kabla hajamaliza kuuliza. Mwingine alinyamaza, akasema, "Ni msomi mkubwa sana." Hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa, na dada aliliandika hivyohivyo.

Swali la sita nimelipata kwa machungu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili msimamizi wangu alihamia chuo kingine. Hakufanya kosa lolote, maprofesa wa Marekani huhama kama watu wengine wanavyohama kazi. Kosa lilikuwa langu, kwamba nilikwenda pale kwa ajili yake peke yake. Idara nzima haikuwa na mwingine aliyeshughulika na uchovu wa kazini. Takwimu nilizokuwa nimekusanya kwa madereva zilikaa, nikajifunza mada mpya ya msimamizi mpya, na mwaka mzima ukaondoka. Kwa hiyo uliza: huyu akiondoka, nani mwingine hapa anaweza kunisimamia kwa mada ninayoitaka? Jina moja halitoshi. Tafuta chuo chenye majina mawili.

Na mada yako unaijua? Dada huyu anataka kurudi nyumbani na kushughulika na usaili, hasa ule wa utumishi wa umma ambapo waombaji hufika kwa maelfu kwa nafasi chache. Basi anahitaji mtu wa vipimo na uchaguzi wa wafanyakazi, mtu anayejua takwimu kwa undani. Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa mfano, kina historia ndefu ya upande huo. Anayetaka afya na usalama kazini angetazama kwingine, kama Portland State au South Florida. Nilimwomba pia amuulize kila profesa kama atakubali tasnifu yenye takwimu za Tanzania. Lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Kipimo cha kuridhika na kazi kilichotungwa kwa wafanyakazi wa Ohio, ukikitafsiri kwa Kiswahili, kinaweza kisipime kitu kilekile. Kuthibitisha kwamba kinapima ni utafiti wenyewe, wa miezi mingi. Profesa anayeliona hilo kama usumbufu atakusukuma urudi kwenye takwimu zake.

Tuje kwenye fedha. Barua ya tatu haikuwa na ufadhili, nami nilimshauri aiweke pembeni. Kwa kawaida mwanafunzi wa uzamivu wa fani hii hufundisha au husaidia utafiti kama saa 20 kwa wiki, chuo kikamsamehe ada na kumpa posho. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa hizo 20 chuoni wakati wa muhula, wala hawezi kujitafutia kibarua mtaani. Ada ya Marekani utailipa kwa nini?

Zile mbili zilizobaki, moja iliahidi dola 27,000 kwa miezi 12 katika jiji kubwa, nyingine dola 21,600 kwa miezi tisa katika mji mdogo. Kwa macho ya haraka ya kwanza inashinda. Tukapiga hesabu. Jijini ni dola 2,250 kwa mwezi, na chumba katika nyumba ya kushirikiana, kwa walivyomwambia wanafunzi wa pale, ni 1,300. Zinabaki 950. Mjini, ukizigawa kwa miezi 12, ni 1,800, chumba 600, zinabaki 1,200. Kisha tukakuta kwenye maandishi madogo kwamba chuo cha mji mdogo kinatoza michango ya dola 700 kila muhula hata kwa aliyesamehewa ada. Bado zinabaki kama 1,080, kabla ya kodi ya mapato na bima ya afya. Lakini mwezi Juni, Julai na Agosti hakuna malipo. Ukizila zote ifikapo Mei, utalala njaa. Aliuliza kama kuna kazi za kiangazi katika idara, akaambiwa zipo kwa wengi, si kwa wote. Nilimwambia aombe jibu hilo kwa maandishi.

Kuhusu muda: vyuo vilivyotia saini azimio la Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu, vinakubali kwamba mwanafunzi halazimiki kujibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili. Profesa akikushinikiza ujibu ndani ya siku tatu, mtajie tarehe hiyo kwa heshima. Ila ile barua uliyokwisha kuamua kuikataa, ikatae leo. Kuna mtu yuko kwenye orodha ya kusubiri, naye halali usingizi.

Yeye alichagua mji mdogo. Daftari lilikuwa limempa yule profesa mwenye haraka alama za juu: wanafunzi wake wote watano walimaliza, watatu wana kazi za vipimo, na idarani kuna mwingine wa mada ileile. Barua za kukataa alizituma tarehe 9 Aprili.

Swali lake la mwisho lilihusu fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombee viza. Saikolojia ya kazi na mashirika iliongezwa mwaka 2022 kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya fani za sayansi zinazompa mhitimu wa kigeni nafasi ya kuomba miezi 24 ya mafunzo kazini hukohuko juu ya ile 12 ya kawaida. Lakini kinachohesabiwa ni namba ya fani iliyoandikwa kwenye fomu, na idara nyingine huandika saikolojia ya jumla. Namba ya fani yetu ni 42.2804. Fomu yake ilifika mwezi Mei, akanipigia simu akanisomea tarakimu moja moja.