Metadata ni nini, na kwa nini inagoma kuingia kwenye faili lenye leya?

Mama mmoja wa Dunda, hapa Bagamoyo, aliniletea picha ya harusi ya wazazi wake niisafishe. Mbele imepasuka kona moja na madoa ya unyevu yametapakaa. Nyuma kuna maandishi ya penseli: jina la bwana harusi, la bibi harusi, majina ya waliokaa mkekani, na mwaka 1967. Kwangu mimi upande wa nyuma una thamani sawa na wa mbele. Bila penseli ile, wajukuu wataona watu waliovaa vizuri, basi.

Metadata ni maandishi ya namna hiyo kwa picha ya kompyuta: maelezo yanayokaa ndani ya faili bila kuonekana juu ya picha. Sehemu moja huandikwa na kamera yenyewe, saa na lenzi na mwanga, nayo huitwa EXIF. Majina, mahali na haki ya mpigapicha tunaandika sisi, na hukaa zaidi kwenye IPTC, utaratibu wa maelezo uliotoka kwenye vyombo vya habari, au XMP, mfumo uliotolewa na Adobe mwaka 2001.

Nikaiskani, nikaziba mpasuko kwenye leya yake, yaani tabaka linalokaa juu ya picha, madoa leya nyingine, ili picha ya asili ibaki chini bila kuguswa. Nikaihifadhi kama PSD, faili la Photoshop, programu ya Adobe ya kuhariri picha, linalotunza leya. Kisha nikaingia kwenye programu ya kupangia picha, nikaandika majina yote kama yalivyo kwenye penseli, nikabonyeza hifadhi. Nilipolihamishia faili kompyuta nyingine, majina hayamo.

Sababu iko kwenye umbile la faili. PSD ina sehemu tano zinazofuatana, na XMP hukaa ya tatu, kabla ya leya. Ukiongeza maneno hapo, kila kilicho nyuma yake lazima kisogee, kwa hiyo faili zima huandikwa upya. Faili la JPEG la megabaiti tatu halina taabu. Lakini PSD ya megabaiti mia nane, umeme ukakatika katikati ya kazi, inaweza kuondoka na leya zote. TIFF, aina nyingine ya faili la picha, nayo huweka leya za Photoshop kwenye tagi ya pekee, namba 37724, ambayo programu nyingi haziielewi. Ndiyo maana baadhi ya programu zimeamua kutoligusa kabisa faili la aina hii. Uamuzi huo naukubali. Ninachokataa ni programu kunyamaza bila kumwambia mtu.

Mara nyingi maneno yako hayajapotea. Yameandikwa kwenye hifadhidata ya programu yenyewe, au kwenye faili dogo la pembeni lenye mwisho wa .xmp. Litafute kwenye folda ileile. Angalia na jina lake: digiKam, programu ya bure ya kupangia picha, kwa kawaida huliita harusi.psd.xmp, wakati programu za Adobe hutarajia harusi.xmp, hivyo moja inaweza isilione la mwenzake. Ukibadilisha jina la picha ukaliacha la pembeni, umewatenganisha.

Kabla ya kulaumu PSD, hakikisha halijafunguliwa bado kwenye Photoshop, na halijawekewa alama ya kusomwa tu. Diski ya nje iliyoandaliwa kwa NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, pia huwasumbua wenye Mac: inasomeka vizuri, lakini kwa kawaida haiandikiki. Kama yote hayo ni sawa, andika maelezo ndani ya Photoshop kwenyewe, kupitia File Info kwenye menyu ya File, au tumia ExifTool, programu ya kusoma na kuandika metadata, inayojua kuandika kwenye PSD na TIFF. ExifTool huacha faili la awali pembeni likiwa na neno _original mwishoni mwa jina, nami silifuti mpaka nimefungua jipya na kuhesabu leya zote zipo. Faili la XCF, lenye leya, la GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ExifTool hulisoma tu, haiandiki. Hapo toa nakala ya TIFF au JPEG uandike humo.

Mama yule nilimpa flashi yenye PSD, faili lake la .xmp, na JPEG yenye majina ndani. Tuliifungua JPEG pamoja kwenye kompyuta ya mwanawe. Alisoma majina kwa sauti, moja moja, akalinganisha na penseli, akanisahihisha herufi moja kwenye jina la shangazi yake.