Baiskeli, barabara na ajali zisizoandikwa: maswali ya waendeshaji wa Mwanza

Nabeba maziwa kwa baiskeli kutoka Kisesa hadi Igoma kila alfajiri. Nimeshaanguka mara tatu, polisi sijaenda hata siku moja. Kuna ubaya?

Pole kwanza. Ubaya ni kwamba hakuna anayejua ulianguka. Polisi huandika ajali zilizowafikia, na hizo aghalabu ni zenye gari ndani yake. Aliyeteleza kwenye kokoto hujikung'uta, akafunga upya madumu kwenye keria, akaenda zake. Hachukui PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hayumo kwenye takwimu.

Ndiyo maana watafiti hawaridhiki na daftari la polisi. Hukaa pia hospitalini wakiwauliza majeruhi, hupita nyumba kwa nyumba, na huwaomba watu waandike safari zao za siku nzima: umetoka saa ngapi, kwa chombo gani, umbali gani. Umbali huo una maana kuliko unavyoonekana. Tuseme barabara moja imejeruhi waendesha baiskeli kumi kwa mwaka, nyingine haikujeruhi hata mmoja. Ipi salama? Huwezi kusema mpaka ujue ni baiskeli ngapi hupita kila moja. Hiyo ya pili huenda inatisha kiasi kwamba wote wameikimbia.

Tukizidi kuwa wengi, si ndiyo tutagongwa zaidi?

Jumla hupanda, ila hatari ya kila mmoja hushuka. Mwaka 2003 Peter Jacobsen wa Marekani alilinganisha takwimu za huko na za Ulaya, akakuta uendeshaji ukiongezeka maradufu majeruhi huongezeka kwa takriban theluthi moja tu. Inasemekana dereva aliyezoea kuona baiskeli huitarajia. Lakini zile ni barabara za kwao. Sithubutu kuihamishia hesabu hiyo Buzuruga, daladala zinapochomoka kituoni.

Kofia ngumu inasaidia kweli?

Kichwa, ndiyo. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha majeruhi zaidi ya 64,000 ulionyesha kuwa kwa waliovaa, uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70. Mbavu na nyonga haizigusi, wala haimpunguzii mwendo mwenye lori. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Mimi ningeanza na matuta, kofia ikafuata.

Na gizani?

Taa mbele, taa nyekundu nyuma, reflekta. Madumu yasiizibe ya nyuma.

Mwenzetu kaanguka, kichwa kimegonga lami, lakini anasema ni mzima. Tumwache aende?

Msimwache peke yake kwa saa 24. Damu yaweza kuvujia ndani ya fuvu polepole, mtu akiwa anaongea vizuri tu. Akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akichanganya maneno, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, au damu na majimaji yakimtoka sikioni, ni hospitali saa hiyo hiyo, Sekou Toure au Bugando, iliyo karibu. Asipewe pombe wala dawa ya usingizi. Na ule mtindo wa kumpakia mshikaki kwenye bodaboda, shingo ikining'inia, acheni. Mlazeni bila kumgeuza shingo, tafuteni gari.

Mkifika mapokezi, mwambieni anayeandika kwamba ni ajali ya baiskeli, na mtaje barabara. Asiandike "kaanguka" tu.