Maua Yasiyosumbua Kwenye Jua la Pwani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Ukanda wa udongo wenye upana wa mita moja au moja na nusu mbele ya nyumba, kichanga kitupu, jua tangu asubuhi: nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ziko hivyo. Mwenye nyumba anataka rangi mwaka mzima bila kushika mpira wa maji kila jioni. Maua ya kumfaa yapo, na si ya kutafuta mbali: bogenvilia, vinka, waridi la jangwani, mshubiri, euforbia ya miiba, potulaka. Kinachomkwamisha ni mambo anayoyaamini kabla hata hajanunua mche.

“Mmea mgumu haumwagiliwi”

Imani hii ndiyo inayoua miche mingi kuliko wadudu. Bogenvilia huvumilia kiangazi kwa sababu mizizi yake imeshuka chini kulikobaki unyevu. Mche uliotolewa jana kwenye kiriba hauna mizizi hiyo. Iliyopo yote imejikunja ndani ya bonge la udongo la ukubwa wa ngumi mbili, na kichanga kinachouzunguka hakikai na maji.

Kwa hiyo miezi 3 ya kwanza ni ya maji, hata kwa mmea mgumu kiasi gani. Wiki 2 za mwanzo, mpe mche wa kichaka lita 5 kila baada ya siku moja. Wiki 6 zinazofuata, mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mara moja kwa wiki mpaka mwezi wa tatu uishe. Waridi la jangwani, mshubiri na euforbia wanataka nusu ya hayo, maana shina lililolowa muda wote huoza. Ukilibonyeza chini likabonyea kama nyanya iliyoiva sana, mmea umekwisha kuoza kwa ndani. Ukipanda masika yanapoanza, katikati ya Machi, au vuli mwishoni mwa Oktoba, sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na mvua.

Halafu kuna kurashia kidogo kidogo kila siku, ambako watu hukuona ndiko kutunza. Maji ya dakika mbili hulowesha sentimita 2 au 3 za juu tu, basi mizizi nayo hubaki hapo hapo, na siku mbili bila maji zinatosha kuikausha. Baada ya kumwagilia chimba kidogo kwa kijiti: udongo uwe umelowa mpaka sentimita 15. Kama haujafika, bado hujamwagilia.

“Bila samadi ya kutosha hakuna maua”

Chuma kishada kimoja cha bogenvilia ukitazame kwa karibu. Vile “vijani” vitatu vyekundu au vya zambarau, laini kama karatasi, si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija chembamba kilichoshikana katikati ya kila kijani, chenye kinyota cheupe mdomoni. Mmea huu hutoa rangi hiyo kwa wingi ukiwa umebanwa kidogo na ukame. Ukiupa samadi nyingi, au kijiko cha urea kila mwezi, unarefusha matawi na kujaa kijani kibichi, na mwenyewe anabaki kulalamika kuwa aliuziwa dume.

Shimo la sentimita 40 kwa 40 linatosha, na mboji iliyooza vizuri isizidi robo ya udongo unaorudisha. Kiriba kichanwe kwa wembe kikiwa tayari ndani ya shimo, usivute mche kwa shina, kwani mizizi ya bogenvilia ni dhaifu na bonge likivunjika mche hudorora kwa wiki kadhaa. Mimea ya mashina manene, yaani waridi la jangwani na wenzake, haihitaji mboji hata hiyo. Iongezee mchanga mnene au kokoto ndogo ili maji yapite. Samadi mbichi isitumike kabisa: huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu.

Iksora ni habari nyingine. Huuzwa kama ua gumu, nayo kweli haisumbui, ila inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ikipandwa chini ya ukuta, palipofukiwa vifusi vya saruji na chokaa, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu hudhani ni njaa, wakaongeza mbolea. Tatizo ni chokaa, inayozuia mizizi isipate madini ya chuma. Pa mawe ya matumbawe hali ni hiyo hiyo. Toa vifusi kwa kina cha sentimita 40, jaza udongo safi wenye mboji, na upande angalau sentimita 60 kutoka ukutani. Usipoweza, weka vinka.

“Upande wa kusini wa nyumba ndio wenye jua”

Hili limetoka kwenye maelekezo ya bustani za Uingereza, na huko ni kweli. Kwetu karibu na Ikweta jua huhama. Dar es Salaam, kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 11 Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Mwezi Juni, ukuta wa mita 3 unaoelekea kusini hutupa kivuli cha karibu mita 1.7 adhuhuri, yaani ukanda wako wote uko gizani, na jua halizunguki kuufikia siku nzima. Desemba kivuli huhamia kaskazini, kikiwa cha karibu sentimita 90.

Ukitaka jua la mwaka mzima, tegemea mashariki na magharibi. Magharibi ndiko kukali zaidi, kwa sababu ukuta hunywa joto la mchana na kulirudishia mimea hadi usiku. Hapo weka bogenvilia, mshubiri na waridi la jangwani. Vinka na iksora zipe mashariki.

“Ua la jua haliungui jua”

Linaungua, kama limekulia chini ya neti au mwembe wa muuza miche. Majani hutoka mabaka meupe yanayokauka ndani ya siku mbili tatu. Liweke kwanza kwenye jua la asubuhi tu kwa siku 7 hadi 10, ndipo upande.

“Nailoni na kokoto nyeupe humaliza magugu”

Ndago hutoboa nailoni. Ncha yake ni kali kama sindano, na ikishapita, kiazi chake kiko chini usikoweza kukifikia. Kokoto nazo hupasha mizizi joto, na majani makavu hujazana katikati yake yakawa udongo wa magugu mapya. Chimba ndago na viazi vyake kabla ya kupanda, rudia baada ya wiki 3, kisha tandaza nyasi kavu au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 7. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina. Usiyafikishe matandazo ukutani, mchwa watayatumia kama njia ya kuingia ndani.

“Panda kwa kubanana, papendeze upesi”

Panapendeza kwa miezi minne. Vinka ziachiane sentimita 30, euforbia 50, iksora 70, bogenvilia mita moja na nusu au zaidi. Pengo la mwanzo lizibe kwa potulaka.

“Maji ni maji”

Visima vingi vya Pwani vina chumvi. Kingo za majani zikikauka rangi ya kahawia na udongo ukatoka unga mweupe juu, ndiyo hiyo. Bogenvilia huvumilia, iksora haivumilii. Mwagilia chini, usirushe maji kwenye majani.

“Mmea usiosumbua hauna madhara”

Utomvu wa waridi la jangwani ulitumika kutengeneza sumu ya mishale. Maziwa ya euforbia huwasha ngozi na kuumiza macho vibaya. Vinka nayo ni sumu ikiliwa, ingawa dawa za saratani hutengenezwa kutokana nayo. Penye watoto wadogo au mbuzi, ipande nyuma, na vaa glavu unapopogoa. Lantana iache kabisa: haifi kwa jua, lakini ndege huisambaza kila mahali na ng’ombe wakiila huugua.