Toba ni nini, na kwa nini machozi hayatoshi

Toba, kwa Mkristo, ni kugeuka. Mtu anaiacha njia aliyokuwa akiifuata, anamrudia Mungu, na pale alipomdhuru mwenzake anarudi kutengeneza alichoharibu. Mambo mawili ya kwanza watu huyapokea bila ubishi. Hilo la tatu ndilo linaloachwa njiani, na kwa maoni yangu ndilo limeifanya toba ipungue uzito hapa Uganda, nchi ambayo hakuna Jumapili inayopita bila mtu kuitwa mbele aombewe, iwe katika kanisa la mabati kule Arua au kwenye mkesha wa Kampala ambako spika hazizimwi mpaka alfajiri.

Kwanza tuitenge toba na majuto, maana hufanana sana kwa sura. Yuda alijuta. Mathayo 27 inasema hivyo waziwazi, na inasema pia kwamba alivirudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kuwa ameisaliti damu isiyo na hatia. Lakini aliwarudishia nani? Wale waliomlipa. Hakumwendea Yesu ambaye yeye alimsaliti, alikwenda kujinyonga. Petro naye alimkana Bwana wake mara tatu, akatoka nje akalia kwa uchungu. Tofauti ni kwamba Petro alibaki mahali ambapo Yesu angeweza kumpata, na katika Yohana 21 akakubali kuulizwa mara tatu kama anampenda, mbele ya wenzake, mpaka akahuzunika. Paulo katika waraka wa pili kwa Wakorintho anazitaja huzuni mbili: moja huzaa toba, nyingine huzaa mauti. Machozi yanaweza kutoka katika yoyote kati ya hizo.

Kanisa Katoliki limeliweka jambo hili kwa mpangilio katika sakramenti ya Kitubio: anayetubu anatakiwa awe na majuto, aungame dhambi zake kwa padre, kisha afanye malipizi. Wengi hudhani malipizi ni zile sala anazopewa mtu kabla ya kutoka, basi. Mafundisho ya kanisa yenyewe yanadai zaidi: kilichoibwa kirudishwe, na aliyesingiziwa asafishiwe jina.

Kwa upande wa Waanglikana, Uganda ina historia yake, na mtu hawezi kueleza toba katika nchi hii akawaruka Balokole, yaani "waliookoka", watu wa uamsho uliotokea ndani ya kanisa hilo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana mjini Kampala. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ukawaka Gahini nchini Rwanda, ukaingia Kigezi na Buganda, ukavuka mpaka Kenya na Tanganyika. Wimbo wa Tukutendereza Yesu ulitoka huko, na hadi leo utausikia mazishini hata kwa watu wasiojua Luganda. Alama yao kubwa, hata hivyo, ilikuwa kuungama hadharani na kurudisha. Mtu akiokoka alianza kuzunguka: kwa tajiri wake aliyemwibia, kwa jirani mwenye deni lisilolipwa, kwa ndugu waliyenuniana. Walikuwa wakisoma habari za Zakayo, Luka 19, mtoza ushuru aliyesimama akasema kwamba kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, atamrudishia mara nne. Yesu alitamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile baada ya maneno hayo.

Sisemi Balokole hawakuwa na kasoro. Walisumbua watu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri. Na kuungama hadharani kuna hatari yake: anayesimama kutaja uzinzi wake anaweza kumvua nguo mtu mwingine ambaye hajaombwa ruhusa. Dhambi ya siri kati ya watu wawili haihitaji kusanyiko zima. Ila katika suala la kurudisha, walishika kitu ambacho sisi tumekiachia.

Chukua kikundi cha akiba, vile vinavyokutana chini ya mwembe kila wiki. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, kila mwanachama ana kijitabu chenye mihuri ya hisa zake. Desemba inakaribia, watu wanangoja kugawana, na sanduku likifunguliwa pesa hazitoshi. Mweka hazina amezikopesha kimyakimya kwa shemeji yake. Baada ya wiki mbili anasimama kanisani, analia kwelikweli, anasema amempokea Yesu na damu imemsafisha. Watu wanapiga makofi. Kisha mama mmoja aliyekuwa akitegemea fungu lake kwa karo ya Februari anamuuliza nje ya mlango, kwa sauti ya chini, na pesa zetu, ndugu? Anajibiwa kwamba Mungu ameshasamehe, kwa nini binadamu ashike kinyongo.

Huyo mama hana kinyongo. Anauliza swali la Biblia. Katika Mathayo 3 Yohana Mbatizaji aliwaambia waliomjia wazae matunda yapasayo toba, na katika Luka 3 watoza ushuru na askari walipomuuliza wafanye nini, aliwajibu kwa mambo ya kazi yao: msitoze zaidi ya mlichoamriwa, msimnyang'anye mtu, mtosheke na mshahara wenu. Mweka hazina naye ana jibu lake: aandike orodha, aitishe kikao, aseme pesa zilikokwenda, apange kulipa. Na wanachama wanaweza kumsamehe kabisa, wakamsalimia na kula naye, lakini ufunguo wakampa mtu mwingine. Kusamehe hakulazimishi mtu kurudishiwa cheo.

Msamaha una mlango wake. Toba ni kazi ya aliyekosa. Msamaha uko mkononi mwa aliyekosewa, na anaweza kuutoa hata kabla hajaombwa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa uamsho uleule, alikimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari. Alieleza baadaye kwamba Ijumaa Kuu ilimkuta London akiwa na uchungu mkubwa dhidi ya Idi Amin, rais wa wakati ule, na maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," yakamshika mpaka akasamehe. Amin hakuomba radhi. Kivengere naye hakuacha kuukemea utawala ule. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Serikali nayo ina msamaha wake, na tusiuchanganye na huu. Sheria ya mwaka 2000, ambayo viongozi wa dini wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, waliipigania, ilimfungulia mlango mpiganaji aliyerudi kutoka msituni: ajisalimishe, aukane uasi, akabidhi silaha, asishtakiwe. Haikumtaka amtazame usoni mtu aliyemchomea nyumba. Iliokoa maisha mengi na naiheshimu, lakini ni ya mahakama. Waacholi wenyewe wana mato oput, utaratibu wao wa jadi wa upatanisho, ambapo ukweli husemwa, fidia hukubaliwa, na koo mbili hunywa maji machungu ya mzizi wa mti wa oput kutoka kibuyu kimoja. Kuna wachungaji wanaouita ushenzi. Ningewaomba wausome Walawi 6 kwanza, waone jinsi aliyedhulumu alivyotakiwa kurudisha mali kwa mwenyewe ndipo apeleke sadaka kwa kuhani.

Kuchagua imani kunaingia hapahapa. Yoshua aliwaambia Israeli wachague siku ile watakayemtumikia, na walipojibu haraka haraka aliwarudisha nyuma, akawaambia hamwezi, Mungu huyu ni mtakatifu. Hakutaka jibu la msisimko. Mtu anayeitwa mbele na muziki ukiwa juu ana haki ya kupewa muda na kuambiwa gharama. Na aliyekwisha kuokoka miaka ishirini iliyopita hajamaliza kuchagua. Atachagua tena atakapopewa risiti ya uongo aisaini.

Je, kama uliyemkosea ameshafariki? Swali hili huulizwa sana, na Hesabu 5 ina jibu. Aliyekosa aungame, arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mwenyewe akiwa hayupo, apewe jamaa yake wa karibu. Asipopatikana jamaa, iwe ya Bwana, ikabidhiwe kuhani. Deni linatafuta mrithi. Halibaki kwa mdaiwa.